Muziki wa Makumbusho: Nani Ameuita?

Mwaka 2015 National Gallery ya London iliwaomba wanamuziki na wasanii wa sauti wachague michoro sita kutoka hazina yake na watunge kitu cha kusikilizwa mbele ya kila mmoja, kisha ikaupa kila mchoro chumba chake chenye mwanga hafifu. Maonyesho hayo yaliitwa Soundscapes. Baadhi ya wahakiki waliyaponda: mchoro mzuri unajitosheleza, wa nini kuupigia muziki?

Hoja yao ina uzito. Muziki hutangulia jicho. Fidla ikilia taratibu, mgeni huhuzunika kabla hajaona cha kumhuzunisha. Katika jumba linaloeleza utumwa au mauaji ya halaiki, huko naona ni kumpokonya mgeni haki ya kufika mwenyewe kwenye huzuni yake. Tusimsahau pia mlinzi wa chumba, anayesikia wimbo uleule ukijirudia tangu milango ifunguliwe hadi ifungwe.

Lakini mmoja wa michoro ile sita ulikuwa Mabalozi, aliouchora Hans Holbein mwaka 1533. Kwenye rafu iliyo kati ya mabalozi wawili kuna ala ya nyuzi, jamaa wa udi wetu wa taarab, na uzi wake mmoja umekatika. Ni rahisi kupita bila kuuona. Msanii wa sauti Susan Philipsz aliijenga kazi yake ya sauti za fidla juu ya uzi huohuo. Hapo sauti haipambi chumba. Inaonyesha kitu kilichomo mchoroni.

Kwa kipimo hicho naifikiria Makumbusho ya Lamu na siwa zake mbili, yaani mabaragumu makubwa ya kale: ya Pate, ya pembe za ndovu, inayozidi mita 2, na ya Lamu, ya shaba. Baragumu lililotengenezwa lisikike mji mzima likitazamwa tu nyuma ya kioo, mgeni huondoka na nakshi bila mlio. Kulizungushia taarab ya kuburudisha ndiko kulizika kabisa. Hata mlio wa siwa yenyewe ukirudiwa mchana kutwa utaishusha hadhi, maana haikupulizwa ovyo: ilikuwa alama ya utawala, ikisikika kwenye sherehe za wenye cheo. Ningeweka kitufe kimoja, mlio wa sekunde chache, na kando yake maelezo ya nani alikuwa na haki ya kupigiwa siwa. Spika ya kudumu mlangoni, hapana.