Nyumba za zamani za Jinja na haki ya mwenye ploti

Kila nyumba ya zamani inapoangushwa Jinja, Mbale au Entebbe nchini Uganda, mabishano huwa yaleyale. Watetezi wa historia wanalalamika kwamba mji umepokonywa sura yake. Mwenye nyumba naye anajibu kwamba hati ni yake, kodi ya majengo analipa yeye, na hakuna aliyemletea hata bati moja paa lilipokuwa linavuja. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja ya mwenye nyumba haijapewa uzito unaostahili, na hiyo ni sababu mojawapo ya majengo hayo kuendelea kutoweka.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake, au haki yoyote juu ya mali hiyo, pasipo fidia ya kutosha inayolipwa kwanza. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikazia jambo hilo katika kesi iliyohusu ardhi ya barabara: fidia itangulie, ndipo serikali ichukue. Watetezi wa majengo wanaegemea ibara ya 242, inayoiruhusu serikali kusimamia matumizi ya ardhi. Wanasema kumzuia mtu kubomoa si kumnyang'anya, kwa kuwa bado anaweza kuuza, kupangisha na kurithisha. Kisheria hoja hiyo ina nguvu. Mfukoni mwa mwenye ploti haina, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Chukua ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, yaani takribani mita za mraba 465. Tuseme mpango wa mji unaruhusu kujenga juu ya asilimia 60 ya ploti, ghorofa tano. Akibomoa kila kitu, atapata karibu mita za mraba 1,390. Akiambiwa aache sehemu ya mbele ya nyumba ya zamani, duka la chini lenye kina cha mita 8, hiyo ni mita za mraba 122. Nyuma atabakiwa na 157 za kujengea, mara tano, ukijumlisha na za mbele inakuwa kama 907. Amepoteza theluthi moja ya eneo la kupangisha, na hakuna anayemlipa. Mtu wa namna hiyo hawezi kushawishika kwa kuambiwa kwamba nyumba yake ni nzuri.

Lakini hesabu hiyohiyo ina mlango wa kutokea. Aruhusiwe ghorofa nane nyuma badala ya tano, na jumla inarudi kwenye 1,378 hivi, karibu sawa na kubomoa. Kinachoongezeka ni gharama: lifti, msingi mzito zaidi, na kazi ya kuushikilia ukuta wa zamani. Msingi mpya ukichimbwa chini ya usawa wa ule wa zamani, wa zamani lazima uongezewe kina kwa vipande vya kama mita moja moja, kwa kupishana, kila kipande kikisubiri zege likomae. Mkandarasi anayechimba mtaro mzima kwa siku moja ili aokoe muda huuangusha ukuta, na hapo anayelaumiwa huwa ukuta. Pamoja na gharama hizo, kumpa mwenye ploti urefu wa ziada hakuichomoi hazina ya serikali shilingi, na kwa maoni yetu ndilo pendekezo lenye nafasi kubwa ya kufanya kazi Jinja.

Kuna swali jingine ambalo watetezi wa majengo hulikwepa: historia hiyo ni ya nani? Nyumba nyingi za barabara kuu ya Jinja zilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India kabla ya uhuru, duka mbele na makazi nyuma au juu, na hadi leo utaona mwaka wa ujenzi au jina la familia limechorwa kwa plasta juu ya paji la jengo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Mali zao zikawekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuzirudisha kwa wenyewe. Katika miaka hiyo mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza nyumba ambayo angeweza kutolewa wakati wowote. Ndiyo maana wengine wanauliza kwa nini Mganda alipie kumbukumbu ya Mhindi. Swali ni halali, lakini kufukuzwa kule ni historia ya Uganda yenyewe, na majina yale juu ya mapaji ni ushahidi wake ulio wazi mtaani.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni jinsi nyumba hizi zinavyokufa kabla ya tingatinga kufika. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa chokaa mara nyingi hazina tabaka la kuzuia unyevu chini. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye plasta ya chokaa. Fundi akija akapiga plasta ya simenti, unyevu unakosa pa kutokea na unapanda juu zaidi. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu kadhaa ya mvua plasta inabanduka pamoja na uso wa tofali. Mhandisi anaandika kwamba jengo ni hatari, na kibali cha kubomoa kinatoka bila ubishi. Tiba inajulikana. Rekebisha kwanza mifereji ya paa, shusha udongo wa nje hadi sentimita 15 chini ya sakafu, bandua simenti hadi mita moja juu ya alama ya unyevu, uache ukuta ukauke wiki kadhaa. Kisha piga plasta ya chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, kwa tabaka nyembamba, ukiinyunyizia maji isikauke haraka. Chokaa huchomwa Muhokya, Kasese. Kilichoadimika ni mafundi wanaojua kuitumia, na hapo ndipo fedha za uhifadhi zingepaswa kwenda kwanza.

Kutangaza jengo kuwa la urithi pekee hakulitengenezi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ndani ya Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO tangu 2000, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Na serikali nayo si mlinzi wa kuaminika sikuzote: mwaka 2011 Uganda ilipanga kuliondoa jengo la Makumbusho ya Taifa Kampala, kazi ya msanifu Ernst May, ili ijenge mnara wa biashara wa ghorofa 60. Asasi za kiraia zilikwenda mahakamani, na jengo bado lipo.

Tangazo lenyewe likichelewa huleta madhara. Sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya 1967 ilimwachia waziri kutangaza jengo moja moja, na sasa ipo Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya 2023. Cross-Cultural Foundation of Uganda, asasi inayotetea urithi wa utamaduni, imechora ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, lakini ramani haimzuii mtu. Fununu zikienea kwamba orodha inakuja, mwenye nyumba anabomoa mwishoni mwa juma, ofisi zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu: kamati ya mipango miji isimamishe vibali vya kubomoa kwa muda mfupi uliotajwa, orodha fupi itangazwe katika gazeti rasmi, na kila jengo liandikwe kwenye sajili ya ardhi ili mnunuzi alione anapofanya upekuzi wa hati. Atakayenunua baada ya hapo atakuwa amenunua akijua, na bei itakuwa imeshalihesabu zuio hilo.

Entebbe ni ngumu zaidi. Karibu na uwanja wa ndege urefu wa majengo una mipaka, hivyo ghorofa za ziada haziwezi kutolewa kama fidia. Huko itabidi kuwe na msamaha wa kodi ya majengo au fedha taslimu. Pasipo hivyo, mji usimnyime mwenye nyumba kibali, bali umpe kwa masharti: jengo lipimwe na kuchorwa kwa kipimo cha 1:50, lipigwe picha chumba kwa chumba, na milango ya mvule, nguzo za veranda na mabati ya zamani vitolewe kwa mikono na kuwekwa ghalani, kwa ajili ya ukarabati wa nyumba zitakazobaki.