Mungu Hakumwambia Musa, "Wewe Unaweza"

Mtu akiombwa kuongoza maombi, kufundisha watoto au kuwa mzee wa kanisa, kisha akajibu kwamba hafai, waliomzunguka humkimbilia na sifa. Una kipawa. Una sauti nzuri. Sisi tunakuamini. Nia yao ni njema, ila dawa hiyo haigusi ugonjwa. Sifa humzidishia kujitazama, na kujitazama ndiko kulikomtia hofu tangu mwanzo.

Soma kitabu cha Kutoka, sura ya 3 na ya 4, taratibu. Musa, mzee wa miaka 80, anatumwa na Mungu kuwatoa Waisraeli Misri, naye anatoa visingizio vitano mbele ya kijiti kinachowaka. Mimi ni nani? Wakiniuliza jina lako nitawajibu nini? Wasiponiamini je? Ulimi wangu ni mzito. Mwisho kabisa: mtume mtu mwingine. Tafuta katika majibu ya Mungu neno moja la kumsifu Musa. Halipo. Kwa swali la "mimi ni nani", jibu halimhusu Musa hata kidogo: "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Tena ishara anayopewa papo hapo ni ya baadaye, watakapokwisha kutoka Misri, watamwabudu Mungu katika mlima uleule. Anayesubiri kwanza uhakika ndipo atii, hapa hana pa kushika.

Jambo ambalo wengi hulipita ni chanzo cha hofu ya Musa. Miaka 40 kabla ya hapo alijaribu kuwatetea ndugu zake, na mmoja wao akamrudishia maneno makali: nani aliyekuweka wewe kuwa mkuu na mwamuzi juu yetu? Akakimbilia Midiani. Kwa hiyo anaposema hawataniamini, anakumbuka. Na Stefano, katika Matendo 7, anasema Musa alikuwa hodari wa maneno na matendo alipokuwa Misri. Ulimi uliitwa mzito baada ya kukataliwa na kuchunga kondoo miaka mingi jangwani. Sidai kwamba hakuwa na tatizo la kusema. Nadai kwamba jeraha la zamani hujificha vizuri sana ndani ya maneno "sina kipawa".

Ndiyo maana anayesitasita namshauri achukue karatasi na aandike kila sababu inayomzuia, sentensi moja moja, bila lugha ya unyenyekevu. Kisha kando ya kila sababu aandike ilianza lini. Ikiwa ilianza siku aliyochekwa akisoma Neno mbele ya watu, hilo ni jeraha, na linahitaji kuombewa na kuzungumzwa na mtu mkomavu. Ikiwa ni kutojua kuandaa somo, hilo ni pengo la ujuzi, na huzibwa kwa kufundishwa. Ikiwa ni dhambi anayoendelea kuificha, hapo pana kazi ya toba kabla ya kazi ya madhabahuni. Na ikiwa, baada ya kuyaondoa yote hayo, kinachobaki ni "sitaki", aliandike hivyo hivyo. Mungu alimvumilia Musa katika visingizio vinne vya kwanza. Hasira yake iliwaka kwenye cha tano, pale ambapo hapakuwa tena na swali, bali kukataa tu.

Neno "sistahili" ningeliweka peke yake. Ni kweli, na halimzuii mtu. Isaya alikiri midomo yake ni michafu. Ikaguswa kwa kaa la moto, ndipo akasema nitume mimi. Tatizo huja mtu anapolikariri miaka nenda miaka rudi kana kwamba ni adabu, wakati kazi iko palepale na hakuna wa kuifanya.

Baada ya karatasi, omba kazi ndogo yenye mwisho. Miezi mitatu inatosha. Anayeogopa kufundisha aanze na dakika kumi: kifungu kimoja, jambo moja la kueleza, swali moja la kuwauliza wasikilizaji. Asome maandalizi yake kwa sauti angalau mara mbili nyumbani, maana ulimi hujikwaa kwenye maneno ambayo macho yaliyapita bila shida. Anayeogopa kuomba hadharani aandike sala ya sentensi nne na aisome. Hakuna aibu yoyote katika kusoma sala.

Wala usingoje hofu iishe. Gideoni, katika kitabu cha Waamuzi, alipoamriwa kubomoa madhabahu ya mungu wa uongo Baali, alichukua watumishi kumi akaibomoa usiku, kwa sababu aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Aliogopa na alitii, na madhabahu ilianguka. Kisa chake cha ngozi ya kondoo, alipomwomba Mungu ishara ya umande juu ya ngozi, ndicho kinachotumiwa vibaya: watu huomba ishara, wakiipata huomba nyingine, na mwaka unakwisha. Gideoni mwenyewe aliomba mara mbili, tena baada ya kwisha kuambiwa waziwazi la kufanya. Mungu alimhurumia, hilo halifanyi udhaifu wake kuwa kanuni yetu.

Kuhusu msaidizi, hapa panahitaji uangalifu. Kufanya kazi na mwenzako ni jambo jema, na Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Lakini Haruni, ndugu yake Musa, alitolewa kwa sababu Musa alikataa kusema, na Haruni huyohuyo ndiye aliyetengeneza ndama wa dhahabu katika Kutoka 32. Chagua mwenzako kwa tabia yake, usimchague kwa sababu tu anaweza kubeba kile unachokiogopa.

Viongozi nao wana sehemu yao. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka, yaani asimweke katika huduma kwa pupa, na makanisa mengi huvunja agizo hilo pale nafasi inapobaki wazi. Mtu anayesitasita akisukumwa kwa hatia, atakubali, atachoka, kisha ataondoka kimya akiamini kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Mwambieni kazi yenyewe ni ipi, ni saa ngapi kwa wiki, nani atamfundisha, na nani atamrekebisha akikosea. Mwenye ndoa aulizwe kama amezungumza na mwenzi wake.

Miezi mitatu ikiisha, kaeni naye chini. Msimwulize kama alijisikia vizuri, kwa kuwa wengi hawajisikii vizuri mwanzoni. Ulizeni kama watu walijengwa, kama alifika alipoahidi kufika, na kama upendo wake kwa wale anaowahudumia umeongezeka au umepungua. Majibu yakiwa mazuri, aendelee hata kama bado anatetemeka. Yakiwa mabaya, apewe kazi nyingine bila kusemwa.