Mrumi Bila Kuacha Kabila Lake

Wengi wetu tulikutana na uraia wa Kirumi kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Paulo amekamatwa Yerusalemu, amefungwa kamba, askari wako tayari kumpiga mijeledi, naye anamuuliza akida aliyesimama karibu kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Habari zinamfikia jemadari, hofu inamwingia. Jemadari anasema uraia wake yeye aliupata kwa mali nyingi. Paulo anamjibu kwamba wake ni wa kuzaliwa.

Habari hii huhubiriwa kama mfano wa ujasiri, na ni sawa. Kwangu mimi uzito wake uko kwingine. Mtu huyu ni Myahudi wa Tarso, mji ulioko kusini mwa Uturuki ya leo. Ametahiriwa, amelelewa katika sheria ya Musa, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiuhutubia umati kwa Kiebrania. Hata hivyo hakuna ofisa yeyote pale anayemwambia achague kama ni Myahudi au ni Mrumi. Ni vyote viwili, na sheria inamtambua hivyo.

Naamini hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Warumi. Tumezoea kuambiwa kwamba walitawala kwa upanga, na upanga ulikuwepo kweli. Lakini washindi wa vita wamekuwa wengi duniani, na tawala zao nyingi zilikufa pamoja nao. Upanga hauelezi kwa nini mjukuu wa mtu aliyeshindwa vitani akubali kwenda kuifia Roma. Kinachoeleza ni kwamba Roma ilimruhusu mtu awe Mrumi bila kuacha kuwa wa kwao.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka Afrika. Mwaka 1957, katika magofu ya mji wa Banasa nchini Morocco, lilipatikana bamba la shaba lenye maandishi ya serikali. Kwanza kuna barua ya makaisari Marcus Aurelius na Lucius Verus, inayompa uraia Julianus wa kabila la Zegrenses, mkewe Ziddina na watoto wao wanne. Inafuata barua nyingine kuhusu Julianus wa pili, mkuu wa kabila hilohilo, aliyemwombea mkewe Faggura na watoto. Chini yake kuna nakala ya daftari la uraia, ya tarehe 6 Julai 177: Faggura miaka 22, Juliana miaka 8, Maxima miaka 4, Julianus miaka 3, Diogeniana miaka 2. Mashahidi 12 wameorodheshwa. Mtoto wa miaka miwili wa kabila la Afrika Kaskazini, jina na umri wake vimo katika kumbukumbu za Kaisari!

Masharti yake ndiyo yaliyonishika zaidi. Uraia unatolewa pasipo kugusa sheria za kabila, na pasipo kupunguza kodi na ushuru wa serikali. Sharti la pili linaonyesha kwamba Warumi hawakusahau hesabu zao. La kwanza ndilo kubwa: Julianus alibaki mtu wa Zegrenses, mwenye haki na wajibu wake kwa wenzake, huku akiwa Mrumi kamili. Barua inasema pia kwamba watu wa makabila hayo hawakupewa heshima hii ila kwa utumishi mkubwa sana. Kwa hiyo walianza na wakuu, na wakuu wakawa na sababu ya kuilinda dola.

Wasio wakuu walikuwa na njia zao. Askari wa vikosi vya wageni alitumika miaka 25, akapewa uraia. Mtumwa wa raia, akiachwa huru kwa utaratibu wa sheria, aliingia katika uraia. Jambo hili liliwashangaza hata maadui: mwaka 214 KK Mfalme Filipo wa Tano wa Makedonia aliuandikia mji wa Larissa akiwataka waige Warumi, ambao hata watumwa wao huwaacha huru na kuwafanya raia. Athene, tunayoisifu kwa demokrasia, ilikuwa imepitisha sheria mwaka 451 KK kwamba raia ni yule ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathene.

Mwaka 48 BK wakuu wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, waliomba nafasi ya kuingia Seneti. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anatuambia wapinzani waling'aka: hawa si wajukuu wa wale waliomzingira jemadari wetu Julius Caesar pale Alesia, huko Galia? Kaisari Claudius, ambaye mwenyewe alizaliwa Lyon, alijibu kwamba Sparta na Athene ziliangamia kwa sababu ziliendelea kuwahesabu walioshindwa kuwa wageni. Akakumbusha kwamba Romulus, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa Roma, aliwageuza maadui kuwa raia ndani ya siku moja. Sehemu ya hotuba yake ilichongwa katika shaba, ikafukuliwa Lyon mwaka 1528. Ningependa kila mwanasiasa anayewafokea "watu wa kuja" aisome.

Nisieleweke kwamba Warumi walikuwa wakarimu. Washirika wao wa Italia walipigana vita vya Roma vizazi kwa vizazi, wakadai uraia, wakanyimwa. Mwaka 91 KK Livius Drusus, kiongozi aliyelitetea dai hilo, aliuawa, na Italia ikawaka moto. Waasi walitengeneza sarafu zenye picha ya fahali akimshambulia mbwa mwitu wa Roma. Ndipo sheria ya kuwapa uraia ikapitishwa, mwaka 90 KK, damu ikiwa imeshamwagika. Nao Wayahudi, taifa la Paulo, waliasi, Hekalu lao likachomwa mwaka 70 BK, na sadaka waliyokuwa wakiilipia Hekalu hilo ikageuzwa kuwa kodi ya hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Aliyekataa kutawaliwa alisagwa.

Kuna jiwe la kaburi huko South Shields, kaskazini mwa Uingereza, linaloonyesha pande zote mbili. Mwanamke anayeitwa Regina ameketi, kikapu cha sufu kikiwa pembeni yake. Alikuwa wa kabila la Catuvellauni wa Uingereza, akafa akiwa na miaka 30. Mumewe, Barates, alitoka Palmyra, jangwani Syria. Maandishi ya Kilatini yana makosa. Chini yake kuna mstari wa Kiaramu uliochongwa kwa mkono usiosita: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole! Msyria na Mwingereza wameoana mpakani mwa dola, naye mume anamlilia mkewe kwa lugha ya kwao. Lakini aliyeachwa huru aliwahi kuwa mtumwa, na huyu alikuwa mtumwa katika kisiwa alichozaliwa. Siwezi kuusifu mchanganyiko huo bila kutaja mnyororo.

Mwaka 212 Kaisari Caracalla, ambaye baba yake Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Mwanahistoria Cassius Dio alisema alitafuta kodi tu. Hata ikiwa hivyo, hakuna dola ya kale ninayoijua iliyofanya kitu cha namna hiyo. Kwa bahati mbaya, zama hizohizo mahakama zilizidi kuwagawa watu kwa hadhi, wakubwa upande mmoja na wanyonge upande mwingine. Ulinzi aliokuwa nao Paulo dhidi ya mijeledi haukumfaa tena raia maskini.

Kilichofuata kinanisikitisha zaidi. Mwaka 376 Wagothi, watu walioishi kaskazini mwa dola, wakiwakimbia wavamizi walioitwa Wahun, waliomba kuvuka mto Danube waingie katika dola, na Kaisari Valens akakubali. Roma ilikuwa imepokea watu namna hiyo mara nyingi. Safari hii makamanda wa mpakani, Lupicinus na Maximus, waligeuza njaa ya wakimbizi kuwa biashara. Ammianus Marcellinus, mwanajeshi na mwandishi wa zama hizo, anasimulia kwamba walikusanya mbwa, wakawauza kwa Wagothi wawe chakula, mbwa mmoja kwa mtu mmoja wa kufanywa mtumwa, na watoto wa wakuu wao walikuwamo. Wagothi wakaasi. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople (Edirne ya leo, Uturuki), walimuua Valens na kuangamiza sehemu kubwa ya jeshi lake. Mwaka 382 Kaisari Theodosius alifanya nao mkataba na kuwapa ardhi ndani ya dola, kitu kilekile walichokuwa wamekiomba miaka sita kabla wakiwa wamesimama ng'ambo ya mto na watoto wao.