Wapangaji Wangu wa Darini

Wenye nyumba wa Manzese na Tandale, kule Dar es Salaam, wanalijua hili: mpangaji akikushinda, unang'oa mlango. Unaubeba begani, unaenda nao kwako, unamwacha na upepo na macho ya majirani mpaka aone haya mwenyewe. Mimi niko Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto, na wapangaji wangu ubao wa paa wameung'oa wao. Hawana mkataba, hawachangii umeme, wanakaa darini bure, na sheria ya jimbo zima la Ontario imesimama nyuma yao.

Ni rakuni hao. Kwa ambaye hajabahatika kumwona, ni mnyama wa Amerika Kaskazini, mnene kuliko paka, manyoya ya kijivu, mkia wa pete pete, na machoni kapitishiwa utepe mweusi. Kazaliwa na barakoa ya ujambazi usoni, kwa hiyo huwezi kusema hukuonywa. Nilimtumia mama picha kule Muheza. Akasema, "Fungo huyo. Mfukizie pilipili." Nikamwambia, mama, fungo hana mikono. Huyu ana mikono. Ana vidole vitano, anashika, anapapasa, anafungua komeo, anafunua mfuniko wa pipa na kuuweka pembeni taratibu. Mama akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Ulimwambia nani kuwa umenunua nyumba?"

Sasa mama ana orodha yake ya washukiwa kule nyumbani, na mimi nina yangu huku juu.

Ilianza Machi, theluji bado haijayeyuka. Mimi kazini naingia alfajiri, kuendesha foklifti ghalani, kwa hiyo saa tatu usiku niko kitandani. Rakuni saa hizo ndiyo kwanza anapiga mswaki. Mama Zuhura akanitikisa: "Baba Zuhura, kuna mtu juu." Nikasema ni panya, lala. Akasema, "Panya gani huyo anavaa viatu?" Tukasikiliza. Hatua zikatoka upande wa chooni, zikapita juu ya kitanda chetu, zikasimama. Kikaburutwa kitu. Hatua zikarudi. Shemeji yangu, ambaye analala sebuleni kwenye kochi tangu alipokuja kutusalimia wiki mbili mwaka juzi, akapiga kelele kutoka huko kuwa tupunguze kutembea, yeye kesho ana usaili.

Mlango wa kupandia darini uko ndani ya kabati la nguo la Mama Zuhura. Aliyejenga nyumba hii sijui aliona nini kwenye ndoa yake. Kupanda juu nilitakiwa kwanza niombe kibali, nihamishe vitenge kimoja kimoja, mashuka ya harusi, na sanduku ambalo sikuruhusiwa kuuliza lina nini. Nikapanda ngazi, nikasukuma kifuniko kwa kichwa, nikawasha tochi.

Alikuwa pale kwenye kona, amekaa kitako. Hakukimbia. Hakunguruma wala kutoa meno. Alinitazama kama karani wa ofisini anavyomtazama mwananchi aliyeingia saa ya chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyeomba radhi. Wallahi nilisema "samahani," tena kwa Kiingereza, nikashuka.

Lakini kabla ya kushuka nilishaona ya kuona. Kule darini tumetandaziwa sufi ya vioo, ile ya rangi ya waridi, ya kuzuia joto lisitoroke. Sufi hiyo niliilipia ili nisife na baridi. Yeye kaichanachana, kaikusanya, katengeneza kitanda cha uzazi. Na kona ya pili kaifanya choo. Rakuni hawaendi haja ovyo, wanachagua mahali pamoja, wote wanakwenda hapohapo. Ustaarabu huo ungenipendeza sana kama hapohapo pasingekuwa juu ya mto wangu. Tena kinyesi chenyewe huwezi kufagia ukamaliza. Kinabeba mayai ya minyoo ambayo binadamu akiyameza yanaweza kuangua na minyoo ikapanda mpaka kwenye ubongo. Nimesoma hayo saa nane usiku, nimelala chali, natazama dari.

Nikapiga simu ofisi inayohusika. Nikasubiri na muziki wao masikioni mpaka foklifti ikaishiwa chaji. Akapokea dada mpole, akaniuliza: anaumwa? Nikasema hapana, mzima, kanenepa. Akauliza: amejeruhiwa? Nikasema aliyejeruhiwa ni mimi. Akasema basi kwa rakuni mzima aliye darini wao hawahusiki, nitafute fundi binafsi nimlipe mwenyewe, halafu akanitakia siku njema.

Nikasema potelea mbali, nitaweka mtego, nimpakie kwenye buti, nimpeleke mbali huko msituni akaanze maisha mapya. Kumbe kuna sheria, ya mwaka 1997, ya uhifadhi wa samaki na wanyamapori. Kwa kanuni zake, kumkamata anayekuharibia nyumba unaweza, lakini lazima umwachie ndani ya saa 24, na usimpeleke zaidi ya kilomita moja kutoka ulipomkamatia. Kilomita moja! Rakuni kilomita moja anaitembea anapunga upepo. Atafika nyumbani, atapanda juu, atalala, mimi bado nazunguka natafuta pa kuegesha gari.

Sababu zake nimeelezwa. Ukimhamisha mbali unaweza ukahamisha na magonjwa, kichaa cha mbwa kikiwemo, na yeye mwenyewe akitupwa asipopajua hana pa kujificha wala pa kula, mara nyingi anakufa. Ni sababu za maana kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi. Ukionewa na sheria ya kijinga angalau unapata cha kusimulia kijiweni.

Na jiji hili lina mapenzi nao ya ajabu. Mwaka 2015 rakuni mmoja alikufa kando ya Yonge, moja ya barabara kuu za hapa. Gari la kumwondoa likachelewa. Unadhani watu walipita wameziba pua? Wakaleta maua. Wakawasha mishumaa. Wakamwekea picha kwenye fremu, kadi za rambirambi, na jina wakampa: Conrad. Kutwa nzima msiba umewekwa barabarani, wapita njia wanasimama kutoa heshima. Nikajiuliza, mimi nikidondoka pale na koti langu la kazini, nani ataleta fremu? Watanipigia honi nisogee.

Mwaka 2016 jiji likaanza kugawa mapipa mapya ya mabaki ya chakula, yenye komeo la kuzungusha, yaliyobuniwa ili rakuni asiweze kufungua. Mradi wa dola milioni 31. Miaka miwili baadaye picha za video zikaanza kuonyesha rakuni wanaangusha pipa, wanashika komeo kwa vile vidole vyao, wanazungusha, wanakula. Milioni 31! Mimi hapo nasubiri mkopo wa kununua matairi.

Jirani yangu, bibi mmoja wa umri wa mama, hataki kusikia ubaya wao. Nilipomlalamikia pale kwenye uzio alinishika mkono, akaniambia kwa huruma kwamba wao walikuwepo hapa kabla yetu. Nikasema bibi, nyumba imejengwa 1958, hati ninayo. Akatabasamu. Bibi huyu kila jioni anaweka sahani ya chakula barazani, anasema ni ya paka. Paka hana. Na tangu 2023 jiji limekataza kulisha wanyamapori hata uani kwako, lakini nani atamshitaki bibi anayekuletea biskuti kila Krismasi?

Ushauri haukukosa. Kila niliyemgusia kazini alikuwa ni profesa wa rakuni. Mmoja akasema weka taa kali, mama mwenye watoto hapendi mwanga. Nikaweka. Bili ya umeme ikapanda, rakuni akahamia nyuma ya bomba ambako ni kiza. Mwingine akasema weka redio, sauti ya binadamu anayeongea inawatia hofu, wanahama wenyewe. Hilo likaniingia akilini, maana kama ni sauti ya binadamu anayeongea, hakuna taifa duniani linalotushinda kwa watangazaji wa mpira.

Nikachukua spika ya Zuhura, nikaipandisha darini, nikafungulia ile mechi ya Novemba 2023, Simba moja, Yanga tano. Sauti mpaka mwisho. Mtangazaji akaanza, mpira uko katikati ya uwanja, anapiga pasi, anarudisha nyuma, mnasikia watu walivyofurika, na mimi chini nimekaa kitandani na chai yangu nasubiri kusikia mizigo ikifungwa. Goli la kwanza, kimya huko juu. Likaja la pili, la tatu. Bado kimya. Nikasema wamekwenda. Nikapanda na tochi. Yuko palepale, kalala ubavu mbele ya spika, ananyonyesha.

Mama Zuhura ni Simba wa kuzaliwa, timu yenye jina la utani Mnyama, na hajanisamehe mechi ile mpaka leo. Alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni, akasema, "Baba Zuhura, unamtangazia Mnyama halafu unategemea akimbie?"

Ndipo tukaita fundi. Kijana mtaratibu, kavaa buti, ana ngazi ndefu na kamera iliyofungwa kwenye fimbo. Akazunguka nyumba, akanionyesha pale paa moja linapokutana na lingine, ubao umeoza kidogo, umefunguliwa. Kwenye bomba la maji ya mvua kuna alama za matope za viganja, moja juu ya nyingine mpaka juu, ndogo ndogo, ungesema mtoto wa chekechea alikuwa anapanda. Akanitajia bei. Kwa hela ile unapata tiketi ya ndege ya kwenda Dar, ya kurudi ukajitafutie mwenyewe. Nikakimbilia kwenye karatasi za bima yangu. Panya, wadudu na rakuni hawamo. Kilichomo ni ndege kuanguka juu ya paa. Yaani ikianguka ndege nalipwa. Nikamwuliza fundi kama anamjua rubani yeyote. Hakucheka.

Akavaa glavu mpaka kwenye viwiko, akaingia darini mchana kweupe, akangoja mama alipojivuta pembeni, akatia mkono kwenye sufi. Akatoka na mfuko. Ndani watoto wanne, macho hayajafunguka, wanalia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza. Akawapanga kwenye sanduku, akaliweka juu ya paa karibu na tundu, ili mama akitoka usiku awakute na kuwahamisha. Sanduku lenyewe lina kipasha joto. Nikamwuliza, la kuchaji hilo? Akasema ndiyo, wachanga wakipata baridi wanakufa. Nikatazama soksi zangu tatu tatu nilizovaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, sikusema kitu.

Mama Zuhura alichungulia kwenye sanduku akasema, "Masikini, wamekula?" Hapo nikajua kwenye vita hii nimebaki peke yangu.

Kwenye tundu akafunga mlango wa waya wa njia moja. Kutoka unasukuma unafunguka, kurudi hauvutiki. Nilisimama nautazama mlango ule muda mrefu kuliko fundi alivyotarajia. Nikamwuliza kama wanatengeneza na wa ukubwa wa sebule. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema hata yeye anaona ni wazo zuri, usalama muhimu.

Usiku ule sikulala, nilikaa dirishani jikoni. Kwenye saa sita akatoka. Akasukuma mlango, akageuka kuujaribu kwa mikono, akaona hauendi. Akaenda kwenye sanduku. Akamchukua mmoja kwa ngozi ya shingo, akashuka na bomba la maji kichwa chini, akapita juu ya uzio, akakata uwanja wa bibi, akapanda ukuta wa bibi, akaingia kwenye dohani ya bibi, lile bomba la kutolea moshi. Akatoka mtupu. Akarudi kuchukua wa pili. Hakuwa na haraka. Safari nzima haikufika hata mita 30, kwa hiyo kisheria hakuna aliyekosea. Mama Zuhura alikuja kusimama pembeni yangu, na alipomwona wa mwisho amevushwa akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nahesabu hela.

Fundi alirudi kuziba tundu kwa waya mnene na ubao mpya, akanipa risiti na karatasi ya dhamana. Dhamana ni ya tundu lile tu. Nikamwuliza, na kona nyingine za paa? Akasema kila kona ina bei yake.

Juzi bibi amekuja kugonga, asubuhi, amejifunika koti juu ya nguo ya kulalia, macho mekundu. Dohani yake inapita ukutani nyuma ya kitanda. Hakutaja waliokuwepo kabla yetu. Aliuliza kwa sauti ndogo yule kijana wangu anachukua kiasi gani. Nikamtajia. Akashika fremu ya mlango. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama ile redio yetu iliyokuwa ikipiga kelele usiku tunaweza kumwazima.

Redio hatuna, tumempa ile spika. Mechi kachagua Mama Zuhura, na safari hii Simba kashinda.