Sonona na usomaji wa nyuso: picha zinaeleza mengi, hazitoshi kumpima mtu

Mtu mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, hukutana na jirani yake Ngamiani, Tanga, jirani ametulia tu, kisha akifika nyumbani anasema: "Fulani leo ameninunia." Jirani hakununa. Uso mkavu, usio na furaha wala hasira, umesomwa kama uso wa chuki. Kosa hilo la kusoma limewafanya baadhi ya watafiti waamini kwamba picha za nyuso zinaweza kutumika kuitambua sonona.

Hoja yao si nyepesi. Amigdala, sehemu mbili ndogo za ubongo zenye umbo la lozi, ndizo zinazoharakisha kutambua jambo lenye uzito kwetu. Mgonjwa akiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, huoneshwa uso wa huzuni kwa milisekunde 30 hadi 40, kisha papo hapo uso mkavu unaufunika. Atakwambia ameona uso mkavu tu, ilhali amigdala yake imeshaitikia huzuni. Mwaka 2001 timu ya Yvette Sheline, Marekani, iliona mwitikio wa namna hiyo, hasa kwa nyuso za hofu, ukishuka baada ya wagonjwa kutibiwa kwa sertralini, dawa ya sonona. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa Catherine Harmer na wenzake wa Oxford, mwaka 2009: dozi moja tu ya reboxetini, dawa nyingine ya sonona, iliwafanya wagonjwa watambue vizuri zaidi nyuso za furaha, hali moyo wao haujapata nafuu yoyote. Yaani usomaji wa nyuso hutangulia, hisia hufuata.

Ila tazama upande wa pili. Mwaka 2017 Veronika Müller na wenzake walikusanya majaribio 99 ya picha za ubongo wa wenye sonona, na hawakupata eneo hata moja la ubongo ambalo matokeo yaliafikiana. Amigdala iko karibu na matundu ya hewa ya fuvu, kwa hiyo mawimbi ya MRI hupotea hapo; kichwa kikisogea milimita chache, picha inaharibika. Mpime mtu yuleyule baada ya wiki kadhaa, jibu linaweza kubadilika. Wastani wa kundi lenye sonona hutofautiana na wa kundi lisilo nayo, lakini ukitazama mtu mmoja mmoja, majibu ya makundi hayo yanaingiliana.

Kwa Tanga kuna shida ya ziada. Picha zilizotumika sana ni za Ekman na Friesen za mwaka 1976, nyeusi na nyeupe, za Wamarekani weupe, na watu husoma vizuri zaidi nyuso za jamii yao. Mama wa Makorora akikosea, kosa ni la sonona au la picha? Tena furaha husomwa zaidi mdomoni na hofu machoni. Nikabu inaacha macho tu.

Anayetaka kujaribu hapa apige picha za wenyeji, mwanga mmoja, uso ukitazama mbele. Watu wasio na sonona wazitaje hisia, zenye ubishi zitupwe. Kisha kompyuta iugeuze uso wa furaha taratibu kuwa wa huzuni kwa hatua 15, na ihesabiwe ni hatua ipi mtu anaanza kusema "huzuni". Kompyuta ya mkononi inatosha, MRI haihitajiki.

Kliniki bado itegemee dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu achunguzwe zaidi. Swali la 9, la kutamani kufa, lisirukwe kwa kuona haya.

Nyumbani, usitegemee uso wako kusema. Tamka: "Sijakasirika, jua limenichosha." Muuguzi mwenye barakoa naye vivyo hivyo, maana mdomo wake hauonekani.