Kiinua mgongo hakikwepi kodi kwa kupitia mfuko

Hapo mnaposema mtu aliyepunguzwa kazi kiwandani Mtwara akiingiza kiinua mgongo chake (malipo ya kuachishwa kazi) NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi itapungua, mmechanganya ya Ulaya na ya kwetu. Kwetu Tanzania mchango unaopunguza kodi ni ule wa kisheria tu. Ukiongeza milioni kumi za hiari, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, inabaki palepale. Na hizo milioni kumi zenyewe ni ndoto kwa wengi. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mshahara wa msingi wa 780,000 gawa kwa 26 unapata 30,000 kwa siku, mara siku 7 ni 210,000, mara miaka 10 ni 2,100,000, hata kama umebangua korosho miaka 14. Posho haziingii humo, ndipo wengi wanapokosea hesabu. Malipo hayo yakitolewa mwezi mmoja pamoja na mshahara na notisi ya siku 28, kila shilingi inayozidi 1,000,000 inakatwa kodi ya asilimia 30. Kwa hiyo kabla ya kuwaza mfuko, dai karatasi ya mchanganuo: notisi, likizo, kiinua mgongo, kila kimoja mstari wake. Ukiona umeachishwa isivyo halali, kupeleka shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni ndani ya siku 30, usisubiri msimu wa korosho uishe. Halafu nauli: aliyeajiriwa Dodoma akapunguzwa kazi Mtwara anastahili kurudishwa Dodoma, na pesa ya kujikimu ya kila siku hadi asafirishwe. Kuna yeyote hapa aliyewahi kuona mwajiri akiilipa hiyo bila kusukumwa?