Kosa la Kwenye Fomu Lionyeshwe Lini?

Wasanidi wengi wa programu za wavuti siku hizi huiona fomu inayongoja mtumiaji abonyeze kitufe cha kutuma ndipo imwonyeshe alipokosea kuwa ni ya kizamani, na huipenda ile inayohakiki kila herufi inapoandikwa. Hoja yao ina uzito. Mtu aliyekosea mwanzoni, akaja kuambiwa baada ya kujaza sehemu kumi na tano, ana haki ya kukasirika, hasa ukurasa unapopakiwa upya na nusu ya aliyoyaandika kufutika. Anayechagua nenosiri naye hunufaika akiona masharti yakitimia moja baada ya jingine, na jina la mtumiaji ambalo limekwisha kuchukuliwa ni afadhali lijulikane mapema.

Ushahidi unaonukuliwa sana upande huo ni jaribio la Luke Wroblewski, mbunifu wa bidhaa za kidijitali, lililochapishwa mwaka 2009: waliopata ujumbe ndani ya fomu kabla ya kutuma walifanikiwa kuijaza kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 22, na muda wa kuijaza ukapungua kwa asilimia 42. Takwimu hizo hutajwa mara nyingi bila masharti yake. Waliojaribiwa walikuwa watu 22 tu. Zaidi ya hapo, jaribio lenyewe lilitofautisha nyakati za kuonyesha ujumbe, na walioonyeshwa baada ya kutoka kwenye sehemu husika walimaliza haraka kuliko walioonyeshwa wakiwa bado wanaandika, huku wale waliokumbana na ujumbe kabla hata ya kuandika wakikereka. Kwa hiyo anayelitumia jaribio hili kutetea uhakiki wa kila herufi analitumia kutetea kile ambacho jaribio hilo lilikishinda.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mtu anapoanza kuandika anwani yake ya barua pepe, herufi ya kwanza tu huitiwa “anwani si sahihi”. Kwa programu hilo ni kweli. Kwa mwandishi si kweli, kwa sababu hajamaliza. Onyo linalokuwa limekosea kwa herufi ishirini mfululizo humzoesha mtumiaji kulipuuza, na siku kosa la kweli litakapotokea, rangi nyekundu itakuwa imekwisha kupoteza maana. Anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayowasomea kwa sauti wasioona, husikia onyo likiingiliana na herufi anazoandika, na anayetazama kibodi hana habari nalo kabisa.

Hata kungoja mtu atoke kwenye sehemu hakumalizi tatizo. Wako wanaopita sehemu zote kwa kibodi ili wajue wataulizwa nini, na kila sehemu waliyoiacha tupu huwaka nyekundu nyuma yao. Pia ujumbe unaojitokeza ghafla huisukuma fomu chini: mtu anapogusa kitufe cha kutuma, sehemu ya mwisho hupoteza umakini (haiko tena katika hali ya kupokea maandishi), ujumbe wake hujitokeza, mstari mpya unaingia, kitufe kinahama, na mguso unaangukia mahali patupu.

Upande wa kungoja unastahili kuhukumiwa kwa mfano wake bora. Mfumo wa usanifu wa GOV.UK, unaotumiwa na huduma za serikali ya Uingereza, huweka makosa yote pamoja juu ya ukurasa, kila moja likiwa kiungo kinachompeleka mtumiaji kwenye sehemu yake, na maneno yale yale hurudiwa kando ya sehemu hiyo. Muhtasari huo hupewa umakini wa kibodi, kwa hiyo kisoma skrini huanza kuusoma wenyewe. Mwongozo wake unashauri hata kuzima uhakiki wa kivinjari uliokuja na HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa kungoja ni lawama za kungoja kulikofanywa ovyo: kosa moja kwa kila utumaji, majibu yaliyofutwa, na ujumbe kama “data batili” pale ambapo “andika mwaka wa kuzaliwa kwa tarakimu nne” ungetosha.

Kanuni za WCAG 2.0 za mwaka 2008, yaani miongozo ya kuwezesha wavuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, zinataka kosa litambulishwe na lielezwe kwa maandishi, na zinakataza kutegemea rangi peke yake. Hazisemi lielezwe saa ngapi. Uzito uko kwenye maneno, na nadhani hapo ndipo mjadala huu ulipopotea njia. Uhakiki wa kwenye kivinjari unaweza kukwepwa, kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, lazima ihakiki upya kila kitu, na majibu yake lazima yaonyeshwe baada ya kutuma, upende usipende. Timu iliyomaliza nguvu zake kwenye maonyo ya papo hapo ndiyo ambayo mara nyingi huiacha njia hiyo ya lazima na sentensi moja tu: “Hitilafu imetokea, jaribu tena.” Kwangu mimi kazi ianzie kwenye seva. Baada ya hapo, sehemu ambayo imekwisha kuonyeshwa kosa inaweza kuhakikiwa papo hapo, ili onyo liondoke mara mtumiaji anaporekebisha.